Nukta ya Kijani Kwenye Bastola ya Mume Wangu

Bariadi, Jumamosi. Joto la kuudhi, na mawingu yamejikusanya upande wa Ngulyati tangu mchana lakini hayaamui. Watu wameshatayarisha mashamba, kila mtu anatazama juu, na kila mtu ana hasira kidogo.

Mimi nina hasira zaidi yao.

Leo siwezi kukaa. Nimefagia saluni wakati ilikuwa imefagiwa. Nimezipanga chupa za rangi za kucha kwa ukubwa, nikazipangua, nikazipanga upya kwa rangi. Nimechemsha chai, nikaisahau mpaka ikaota utando. Hata sasa naandika nimesimama, simu nimeiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, kwa sababu nikikaa tu miguu inaanza kucheza yenyewe.

Shajara, nakuambia wewe kwa sababu hapa mjini hakuna wa kumwambia. Mume wangu hasomi humu. Anasema siku hizi wenye simu wanatengeneza maandishi madogo makusudi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Korogwe. Nilikuja kumsalimia dada yangu, muuguzi aliyehamishiwa huku, nikabaki. Nina saluni yangu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nasuka, napaka kucha, naremba maharusi. Nimeolewa na Masanja, mnunuzi wa ng'ombe. Anazunguka minada yote ya mkoa huu na pikapu yake, ananunua, anasafirisha, anarudi na vumbi la wilaya tatu mwilini.

Na ana bastola. Ana kibali chake, alikuwa nayo kabla hajanijua. Mtu anayetoka mnadani jioni peke yake na mfuko wake kila mwizi anamjua, kwa hiyo sikuwahi kumuuliza ya nini. Nimeizoea kama unavyomzoea mama mkwe asiye na maneno mengi: ipo nyumbani, ina heshima yake, huigusi.

Mpaka Alhamisi, nilipoigusa.

Alikuja saluni saa ambayo hakuna mteja, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja. Masanja hajawahi kukaa kwenye kile kiti. Anasema kinamfanya ajisikie anasubiri kusukwa.

"Mama Zuhura," akasema, "una rangi inayoonekana?"

Nikamwambia rangi zote zinaonekana, ndiyo maana zikaitwa rangi.

"Inayoonekana na mzee."

Hapo nikaacha utani. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia ana mvi anakwambia ni vumbi la mnadani. Amevuka hamsini na hajawahi kulitumia hilo neno kwa ajili yake mwenyewe.

Akaitoa bastola. Akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta ile sehemu ya juu nyuma, akaniinamishia nione kwamba ndani hamna kitu, akarudia tena, akanilazimisha nichungulie mwenyewe. Kisha akailaza juu ya khanga kwenye meza yangu ya kucha na kunionyesha shida yake. Mwishoni mwa mtutu kuna kijipande cha chuma kimesimama, kidogo kama punje ya mchele. Nyuma, karibu na mkono, kuna viwili vilivyoachana. Unakipanga kile cha mbele katikati ya hivi viwili, halafu unakipeleka kwa unayemlenga. Vyote vitatu ni vyeusi.

Macho ya Masanja ya mbali hayana tatizo. Akiwa amesimama upande huu wa mnada anamwona ng'ombe anayechechemea upande wa pili. Ya karibu ndiyo yamemkimbia. Akinyoosha mkono, anasema, kile kipande cha mbele kinayeyuka.

Miwani anayo, nilimnunulia mimi. Anaivaa ndani, pazia likiwa limefungwa, kusoma ujumbe wa wafugaji. Mnadani haivai hata umfunge kamba. Kule ng'ombe hapimwi kwa mzani, anapimwa kwa macho. Mnunuzi anamtazama anavyotembea, mgongo ulivyokaa, nyonga zilivyojaa, na kilo anazisema kichwani kabla mwenye mali hajamaliza salamu. Jina la Masanja limejengwa na hayo macho. Siku akionekana na miwani, anasema, watamletea kila ng'ombe mgonjwa wa Itilima na Busega, na watamletea huku wanacheka. Tena ile miwani ikimsafishia cha karibu inamfukia cha mbali. Kwa hiyo amekuja kwangu.

Nami nikafurahi. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Miaka yote mume wangu anaiona kazi yangu kama mchezo wa wanawake, leo amekaa kwenye kiti changu anasubiri ujuzi wangu.

Nikaifanya kazi vizuri, najua nilivyofanya. Nikakifuta kile kipande kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, kwa sababu rangi haishiki palipo na mafuta, iwe kucha au chuma. Nikachukua kijiti cha meno, brashi ya kawaida ilikuwa nene mno. Nikatia nyeupe kwanza, tabaka jembamba, likakauka, tabaka jingine. Bila nyeupe chini, rangi kali haiwaki. Hilo kila msichana aliyewahi kupaka kucha analijua. Juu yake nikaweka nyekundu. Nikapuliza taratibu kama ninavyompulizia bibi harusi.

Nikataka kuvipaka na vile viwili vya nyuma, angalau vifanane. Masanja akakataa. Akasema jicho litachanganyikiwa, halitajua limfuate nani.

Ile nyekundu ilikuwa kosa. Chini ya taa ya saluni iliwaka, mchana uani iliwaka, lakini jua lilipoanza kushuka ikafa. Alisimama nyuma ya nyumba ameinyoosha ikiwa tupu kuelekea kopo la maziwa juu ya ukuta, na uso wake ukakunjamana. Nyekundu ikawa nyeusi kama mwanzo. Na jioni, jua linaposhuka, ndiyo saa yenyewe anayokuwa barabarani.

Jana nikaitoa kwa asetoni na kuanza upya. Nyeupe, kisha kijani cha ndimu, ile ya kung'aa ambayo wasichana wa chuo wanaipenda na mama zao wanaichukia. Kijani hii hata giza likiingia bado unaiona. Niliiweka kama nukta moja, safi, bila kuvuka ukingo. Nilijisifu mwenyewe kimoyomoyo.

Leo asubuhi akaijaribu tena. Alikuwa mchangamfu kama kijana. Aliinyoosha, akaishusha, akainyoosha, na kila mara jicho lilifika palepale bila kutafuta.

"Umenirudishia ujana," akaniambia. "Nikiinyoosha tu, jicho linaikamata nukta. Kingine chote mbele kinakuwa ukungu. Ndivyo inavyotakiwa, ndivyo walivyotufundisha."

Nikasema asante. Nikaingia ndani nimeridhika, nikakaanga mayai.

Mchana akaja Shija. Huyu ni mdogo wa Masanja, mtoto wa mwisho wa mama yao, anafanya naye kazi ya minada, na kwangu anakuja kula. Mimi na yeye tumeshibana kwa utani wa shemeji. Anasema nilikuja Bariadi kutafuta mume nikasingizia dada. Namjibu kwamba yeye katafuta mke mpaka Lamadi na bado anakula kwangu. Nampenda Shija. Mwanangu alipougua usiku ule wa mafuriko ni Shija aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, maji yakimfika magotini.

Basi anakula, anasimulia, anacheka na ugali mdomoni.

"Shemeji, mumeo siku hizi ana roho ya kuku. Jumatano si alisahau simu mnadani? Aliiacha kwenye kibanda inachajiwa. Nikaazima pikipiki ya yule jamaa wa Ngulyati, nikamfukuzia. Nampigia honi, anaongeza mwendo. Nampungia mkono, anaongeza mwendo. Kumpigia siwezi, simu yake si ninayo mimi mfukoni? Bahati kukawa na kundi la ng'ombe linavuka barabara, akasimama. Nafika dirishani, namsalimia, mwadila kaka, naona jasho linamtoka kama kabeba gunia. Kachukua simu hata asante hakuna."

Nikacheka na mimi. Nikamuuliza, mbona ulimtisha mwenzio, ulivaa nini?

Akasema alikuwa amejifunga mtandio usoni, si vumbi hilo.

Nikaendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikaniishia. Jumatano. Na Alhamisi, kabla hata sijamaliza kufungua saluni, mume wangu alikaa kwenye kiti changu akaomba rangi inayoonekana. Nikamtazama Shija anavyoramba vidole. Nikamwongezea mboga ambayo hakuomba.

Alipoondoka nikaingia uani. Masanja alikuwa amelala chali chini ya gari, anakaza kitu. Sikusubiri atoke. Nikaiuliza miguu yake: Jumatano ulimnyooshea Shija bastola?

Spana ikaacha kugonga.

Hakunidanganya. Ningemshukuru kama angedanganya kidogo, lakini yeye akiulizwa wazi anajibu wazi. Alitoka chini ya gari, akakaa kwenye tairi la akiba, akanieleza bila kunitazama. Aliiona pikipiki kwenye kioo tangu mnadani. Mtu kafunika uso, pikipiki hajapata kuiona, anapiga honi, anapunga mkono, na siku si nyingi mwenzao mmoja alisimamishwa hivyohivyo akaachwa amelala mtaroni. Ng'ombe walipoziba barabara akajua yamemfika. Akageuka kwenye kiti, akanyoosha mkono kuelekea kioo cha nyuma, kidole kikiwa mahali pake.

"Nikakitafuta kile kipande cha mbele, hakipo. Kimeyeyuka chote. Kwa kuwa sikukiona, nikabaki namtazama mtu. Ndipo nikaona magoti."

Shija akiendesha pikipiki anatanua magoti kama kapanda punda. Marehemu baba yao alikuwa anaendesha baiskeli hivyo. Masanja aliyajua yale magoti kutoka mbali kwa sababu macho yake ya mbali ni mazima. Akashusha mkono, akaficha bastola chini ya paja, na mdogo wake akafika dirishani na salamu yake. Shija hajui hadi leo. Jasho alilichukulia kuwa la woga tu.

"Niliendesha gia ya pili mpaka nyumbani," akasema. "Nikajiambia, macho haya yataniua."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi na yeye tumeisikia habari moja, na kila mtu ametoka na lake. Yeye anasimulia jinsi macho yake yalivyokaribia kumuua. Mimi ninachosikia ni kwamba hayo macho mabovu ndiyo yaliyomwokoa Shija. Kama ile nukta ingekuwepo Jumatano, jicho lake lingeikamata bila kutafuta, kama alivyonisifia asubuhi. Na kingine chote kingekuwa ukungu. Magoti yangekuwa ukungu.

Nimeipaka mimi. Nimeipuliza mpaka ikakauka.

Nilirudi saluni kwa sababu kulikuwa na mteja, mwalimu kutoka Mbeya aliyepangiwa shule ya huku. Akapitisha kidole kwenye chupa zangu, akachagua kijani cha ndimu. Nikamwambia imekauka. Akaitikisa, akasema mbona inacheza. Nikamwambia haishiki, chagua nyingine, na sauti yangu ilitoka vibaya hata akaniangalia. Nikampaka ya zambarau na sikumbuki tuliongea nini. Ukinisoma humu, mwalimu, nisamehe. Rudi wiki ijayo nikupake bure.

Alipoondoka nikachukua chupa ya asetoni na kipande cha pamba, nikaenda nazo uani. Nikamwambia Masanja nipe hicho kitu nikitoe rangi.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akafuta mikono kwa tambara, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na kama siku hiyo siyo Shija?"

Nikaishusha chupa.

Kwa sababu majambazi wapo. Yule mwenzao aliyeachwa mtaroni nilimsuka mke wake wiki ya arobaini, nikiwa nahisi kila nywele yake mkononi mwangu. Nikiitoa ile rangi, nakuwa nimemtuma mume wangu barabarani na chuma asichoweza kukitumia, na hao hawasubiri ukafute macho. Nikiiacha, nimempa jicho la kumuua mtu kabla hajajua ni nani.

Nataka aone. Na nataka asione. Vyote viwili ninavitaka kwa nguvu sawa, na ndiyo maana leo nimefagia mara tatu.

Nikamwambia basi iache nyumbani. Akasema mnadani kila mtu anajua anayo, siku akiacha watajua ameacha. Nikamwambia basi acha minada. Akacheka kidogo, siyo cha dharau, akaniuliza atafanya nini, asuke? Nikamwambia amweleze Shija ukweli, angalau asimfukuzie tena na uso umefungwa. Hapo akalikunja tambara lake mara mbili. Akasema: "Nitamwambiaje mtoto wa mama yangu kwamba nilimlenga?"

Sijawahi kumwona mume wangu akiwa na woga wa namna hiyo. Wa majambazi ninaujua, unamfanya aongee kwa sauti. Huu ulimfanya anong'one.

Nikabaki nimesimama na asetoni mkononi mpaka pamba ikakauka.

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Nikamwambia mwite Shija. Akakataa. Nikampigia mimi mwenyewe, nikamwambia kaka yako ana neno, njoo. Nikaingia ndani kuwaachia nafasi, na nakiri nilisimama nyuma ya pazia kama jirani mbeya. Waliongea Kisukuma, na Kisukuma changu bado ni cha sokoni, lakini nilisikia "Ngulyati", kisha sauti ya Shija ikauliza kitu kifupi. Masanja akajibu kwa kifupi zaidi. Nilipochungulia, Shija alikuwa ameshika ukuta.

Alipita saluni anaondoka. Hakunitania. Akasema tu, "Shemeji, kumbe kile kicheko nilikuwa nacheka kaburi langu." Akaushika mtandio wake kwenye msumari alipokuwa ameutundika mchana, akautazama, akauacha palepale. Akaenda na uso wake wazi na vumbi lote lile.

Sasa jua limeshuka. Mawingu yamepita, yamekwenda kunyesha kwa watu wengine. Masanja anaosha kioo cha nyuma cha pikapu, anakifuta, anarudi nyuma, anakitazama, anakifuta tena. Naona si mimi peke yangu ninayeshindwa kukaa. Kesho alfajiri anakwenda Lamadi, kuna mnada, na atarudi jioni kwa barabara ileile ya Jumatano.

Rangi ipo. Sikuitoa. Nilirudi na asetoni yangu, nikaifunga kizibo.

Lakini nimemwambia nakwenda naye. Nikamwambia saluni kesho haifunguliwi, na maharusi wa Jumapili watarembwa na wenzangu. Akauliza nitakwenda kufanya nini mnadani, kuhesabu kwato? Nikamwambia nitakaa kiti cha kushoto, na kazi yangu itakuwa moja tu: mkono wake ukinyooka, mimi ndiye nitakayetazama anayekuja, na mpaka niseme, hakuna kitu. Macho yangu ni mazuri mbali na karibu. Akanijibu kwamba mambo hayo hayangoji mtu aseme. Nikamwambia Jumatano yalingoja.

Akalitupa tambara begani. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akatoa kamba za ng'ombe, fimbo, koti lake la mvua na madumu yaliyokaa kwenye kile kiti tangu alinunue hilo gari, akavitupa nyuma. Akakipangusa kwa kiganja.

Najua siwezi kufunga saluni kila siku ya mnada. Na najua naogopa. Minada mingine itanikuta wapi? Sijui. Ya kesho naijua.

Yeye atatazama nukta. Mtu nitamtazama mimi.